Wanafunzi 38 na siku moja na nusu mjini Bagamoyo: tuanzie wapi?

Mwalimu_Moro

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mjini Morogoro, na mwezi ujao nitawaongoza wanafunzi 38 wa kidato cha tatu kwenda Bagamoyo. Tutaondoka alfajiri ya Ijumaa, tutalala huko usiku mmoja, na Jumamosi alasiri ni lazima tuwe njiani kurudi.

Ninaomba ushauri kuhusu sehemu za kihistoria tutakazozitembelea, na hasa kuhusu mpangilio wake. Ninauliza kwa kirefu kwa sababu safari ya mwaka juzi haikuniridhisha. Mtembezaji tuliyempata aliwakimbiza watoto kutoka jengo hadi jengo, na katika kila jengo alirudia maneno yale yale: hapa watumwa walifungwa, hapa watumwa walipitishwa, hapa watumwa walilia. Tuliporudi niliwapa insha, na karibu wote waliandika juu ya minyororo. Mwanafunzi mmoja, tena msikivu sana darasani, aliandika kwamba Bagamoyo ulikuwa mji usio na wenyewe. Sentensi ile imenikaa moyoni mpaka leo.

Sina nia ya kuficha habari za utumwa, wala haifai zifichwe. Ninachotaka ni watoto wajue vilevile nani aliishi pale, aliuza nini, alisali wapi, na kwa nini mji uliokuwa na shughuli kubwa kiasi kile ukaja kutulia kama ulivyo sasa. Je, tuanzie wapi, na kama muda hautoshi, tuache nini?

Mkazi_wa_Dunda

Mwalimu, karibu sana kwetu, na pole kwa safari ile. Nimezaliwa Bagamoyo na nimewatembeza wageni kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe kila ninapoachiwa nafasi ya kuchagua.

Anzieni Kaole, na mwende asubuhi kabla jua halijawa kali. Magofu yako kilomita kama 5 kusini mwa mji, na huko yule mwanafunzi aliyeandika kwamba mji haukuwa na wenyewe atapata jibu lake kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Msikiti mkubwa unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Umejengwa kwa matumbawe na chokaa, mihrabu yake bado inaonyesha kibla, na karibu nao kuna kisima na makaburi 22, ambayo baadhi yake yana nguzo ndefu za mawe kama zile zinazoonekana katika miji mingine ya kale ya Waswahili kando ya pwani hii. Waambie wanafunzi wasogee, bila kugusa, watazame vishimo vya mviringo vilivyochimbwa kwenye nguzo hizo. Humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Mimi hunyamaza kidogo hapo mpaka kila mmoja awe ameviona, kisha huuliza swali moja tu: mtu wa Kaole alitoa nini mpaka akapata bakuli lililotengenezwa China? Somo la biashara ya Bahari ya Hindi huanza lenyewe, na watoto hubishana wao kwa wao.

Kaburi mojawapo hujulikana kuwa ni la Sharifa, na wenyeji hadi leo huliendea kwa dua. Mkiwakuta watu pale, subirini kando mpaka wamalize. Mkitoka, simameni mtazame mikoko iliyopo kati ya magofu na bahari, kwa sababu mchanga na mikoko ndivyo vinavyotajwa kuwa vilizuia vyombo kufika Kaole, na shughuli za bandari zikahamia Bagamoyo.

Mjini, nendeni kwanza Ngome Kongwe. Jengo hili ni kitabu kizima likisomwa kwa utulivu: lilianza mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu, likaja kuwa mali ya Sultani Barghash wa Zanzibar na kuimarishwa kuwa ngome, Wajerumani wakaweka humo askari wao, Waingereza wakalifanya gereza, na baada ya uhuru likatumiwa na polisi mpaka mwaka 1974. Habari ya njia ya chini ya ardhi iliyowapeleka watumwa ufukweni husimuliwa sana hapo. Mimi siisemi kwa sababu sijaona kinachoithibitisha, na nadhani wewe pia ungependa watoto wako wajifunze kuuliza: umejuaje?

Kutoka hapo shukeni kwa miguu hadi Mji Mkongwe. Mtapita Boma la Wajerumani la mwaka 1897, mtaona Forodha yao ya mwaka 1895 ufukweni karibu na soko la samaki, na njiani mtakuta nyumba zenye milango ya nakshi na baraza za mawe. Msipite mbio penye nyumba zilizobomoka. Mahali lipu ilipodondoka ndipo mtoto anapoona nyumba ilivyojengwa: vipande vya matumbawe vimeshikwa kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zimekaa karibu karibu, kwa sababu gogo la mkoko halitoi boriti ndefu, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba. Hilo nililisikia kwa fundi mwashi, na tangu siku hiyo ninaziangalia nyumba za mtaani kwetu kwa macho mengine.

Makaburi ya Wajerumani yaliyo karibu na ufukwe mnaweza kuyaona kwa dakika chache. Mahali pa kunyongea watu sipendi parukwe. Pana mnara mdogo wa ukumbusho, hapavutii kwa macho, lakini ndipo wanapokumbukwa walionyongwa na Wajerumani kwa kupinga utawala wao. Vita vile vya pwani vilianza mwaka 1888, na kiongozi wao Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Mstaafu_wa_Chaki

Mwalimu mwenzangu, nimefundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na Bagamoyo nimepeleka wanafunzi mara nyingi. Ndugu yetu wa Dunda amesema vizuri, na maneno yake kuhusu Kaole ninayaunga mkono yote. Nitatofautiana naye katika jambo moja tu, nalo ni mahali pa kuanzia.

Wanafunzi wako hawatoki baharini, wanatoka bara. Tena wanatoka Morogoro, mahali ambapo misafara ya biashara ilipita. Kwa hiyo mimi ningewaanzishia pale ilipofikia misafara, katika jengo linaloitwa Caravan Serai, kisha ningeshuka nao kwa miguu kuelekea bahari, kama walivyoshuka wapagazi. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alipita katika mji wa mtawala Simbamwene, binti wa chifu Kisabengo, ambao ulikuwa pale ilipo Morogoro ya leo. Wakumbushe hilo kabla hamjashuka kwenye basi. Mtoto anayejua kwamba njia hii ilipita kwao hatauona mji huu kama mji wa watu wengine.

Sasa nije kwenye minyororo, kwa sababu ndipo penye uzito wa swali lako. Ni kweli kabisa kwamba watu waliotekwa bara walifikishwa Bagamoyo na kuvushwa kwenda Unguja, na biashara hiyo ya kuwasafirisha kwa bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishinikizwa na Waingereza kuutia saini. Lakini bandari iliyopeleka watumwa wengi zaidi Unguja ilikuwa Kilwa Kivinje. Bagamoyo ulistawi zaidi kwa pembe za ndovu, na wengi walioingia humo na pembe mabegani walikuwa wapagazi, hasa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Walikuja kwa maelfu katika msimu wa kiangazi, wakapiga kambi pembezoni mwa mji, wakasubiri mizigo ya kurudi nayo: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya za shaba nyekundu na njano. Walikuwa na viongozi wao wa njia, wakiitwa makirangozi, na walijua kugoma pale ujira ulipokuwa haba. Tukiwafundisha watoto kwamba kila mtu mweusi aliyefika Bagamoyo alifika amefungwa, tunawanyang'anya watu hawa kazi yao na jina lao.

Hata jina la mji, yaani "bwaga moyo", linabeba pande zote mbili. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani kabla ya kuvushwa, na wapo wanaosema ni pumzi ya mpagazi aliyefika salama baada ya miezi njiani, akautua moyo pamoja na mzigo. Kubwaga ni neno la mtu mwenye mzigo, nasi tunalitumia hivyo kila siku. Wagawe wanafunzi makundi mawili, kila kundi litetee maana moja, lakini wafanye hivyo wakiwa wamesimama ufukweni na si darasani.

Na swali lako la kwa nini mji umetulia linajibiwa na Morogoro yenyewe. Wajerumani walifanya Bagamoyo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwa sababu maji ya Bagamoyo ni ya kina kifupi. Jahazi lilikokotwa mpaka mchangani bila shida, lakini meli ya mvuke ililazimika kutia nanga mbali. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, mpagazi hakuwa na sababu tena ya kutembea hadi Bagamoyo. Stesheni ya mjini kwenu ni sehemu ya historia ya mji mnaokwenda kuutembelea, na ningewapeleka kuitazama Alhamisi, siku moja kabla ya safari.

Mama_wa_Boko

Mwalimu, mimi nitasema machache ya njiani. Msipitie Dar es Salaam. Mkifika Chalinze shikeni barabara ya Msata, kisha Msata mkate kulia kwenda Bagamoyo. Ni lami, na mtaepuka foleni yote ya jiji.

Kwa kuwa mnafika Ijumaa, kumbukeni kwamba kuanzia adhuhuri watu wengi watakuwa msikitini, kwa hiyo msipange kuzunguka mitaa ya Mji Mkongwe kwa makundi wakati huo. Wanafunzi wenu Waislamu wapeni nafasi ya kuswali pamoja na wenyeji. Huko nako ni kuujua mji. Wasichana wachukue mitandio, wote wabebe kofia na maji. Barua ya shule yenye muhuri msiisahau, kwa sababu sehemu za kihistoria za serikali zina kiingilio cha wanafunzi kilicho tofauti na cha wageni wengine.

Mwalimu_Moro

Nimesoma majibu yenu mara mbili, na ninawashukuru kwa dhati. Habari ya Simbamwene nilikuwa ninaifundisha katika mada nyingine kabisa, na sikuwahi kuiunganisha na Bagamoyo.

Naomba niulize jambo moja zaidi. Mwaka juzi tulifika pia Misheni ya Wakatoliki, na pale tulionyeshwa mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Mtembezaji alisema watumwa walikuwa wakifungwa hapo. Picha ya mnyororo ule ndiyo iliyochorwa na wanafunzi wengi kuliko kitu kingine chochote. Je, habari hiyo ni sahihi? Na kwa muda wetu mfupi, misheni ipewe saa ngapi?

Mkazi_wa_Dunda

Mwalimu, mnyororo ule ulikuwa wa punda. Mbuyu wenyewe ulipandwa na wamisionari mwaka 1868, mwaka walioanzisha misheni, na baadaye mama mmoja wa Kifaransa aliyewahudumia wagonjwa pale, Madame Chevalier, alikuwa akifunga punda wake kwenye mti huo. Mnyororo uliachwa, mti ukaendelea kunenepa, na sasa kimebaki nje kipande kifupi tu. Nimewaona wageni wakilia mbele ya mnyororo huo, na huwa ninapata shida kuwaambia ukweli, lakini ninawaambia. Walioteseka kwelikweli wana haki ya kukumbukwa kwa mambo yaliyowapata kwelikweli.

Na mambo hayo misheni inayo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja na kuanzisha hapo kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Walipewa mashamba, walifundishwa ufundi, wakaoana, wakajenga. Mwaka 1872 kimbunga kilichoipiga Unguja kiliwabomolea pia misheni, wakaanza upya. Baadhi ya familia hizo baadaye zilikwenda bara pamoja na mapadre kufungua misheni nyingine, na ya mwanzo kabisa ilikuwa Mhonda, mwaka 1877. Mhonda iko mkoani kwenu, upande wa Turiani, na sitashangaa ukiwa na mwanafunzi anayetoka huko.

Jumba la makumbusho liko katika nyumba ya zamani ya masista, na linastahili saa moja na nusu bila haraka. Kisha nendeni kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Watu huuita mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wake ulilazwa pale usiku wa tarehe 24 Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mimi, mwalimu, pale huanza na majina ya waliomfikisha. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kilicho Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake huko huko, wakaukausha mwili, wakaufungasha, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi hadi ukingo wa bahari hii. Hakuna aliyewalazimisha. Huwa ninawaomba wageni wasimame mlangoni pa mnara, watazame ngazi ile ndogo, wawafikirie waliofika hapo na mzigo ule begani. Wengine wanasema wamekuja kumwona Livingstone, wakaondoka wakiwataja Chuma na Susi.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nimekubaliana na Mzee wetu mstaafu. Mkiingia kwa barabara ya Msata mtakuwa mnatoka bara kama misafara, basi Ijumaa anzieni Caravan Serai na Ngome Kongwe, baada ya swala mshuke mjini hadi Forodhani. Jumamosi mapema Kaole, kisha misheni, kisha basi. Mkipungukiwa muda, acheni makaburi ya Wajerumani na Boma, mtayaona kwa nje. Lakini katika Mji Mkongwe simameni kidogo nje ya shule ya msingi Mwambao. Ilijengwa mwaka 1896 na Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa akiandaa misafara ya bara, kwa sharti kwamba ipokee watoto wa kila asili, na mpaka leo kengele yake inaita wanafunzi. Watoto wako wataona madaftari dirishani, na hilo pia litawaambia kama mji una wenyewe.

Mstaafu_wa_Chaki

Ninaongeza jambo dogo la vitendo, kwa sababu umri wa kidato cha tatu unaelewa haraka zaidi kwa mabega kuliko kwa masikio. Kipimo cha pwani kilikuwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, mbali na chakula chake, chungu chake na mkeka wake wa kulalia. Chukueni mfuko wa frasila moja tu, nusu ya mzigo, wanafunzi waupokezane kutoka Caravan Serai hadi ufukweni, na kila anayeupokea aseme jina la kituo kimoja cha ile njia: Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, Ujiji. Njia nzima ilikuwa na urefu wa kama kilomita 1,200. Wao watatembea kipande kidogo sana, lakini hakuna atakayekuuliza tena kwa nini mji uliitwa hivyo.

Mwalimu_Moro

Mzee wangu, shikamoo, na asante. Leo mchana nimekwenda stoo ya shule na mpishi wetu, tumepima kilo 16 za unga wa sembe na kuufunga katika mfuko wa turubai. Nimewaita wanafunzi wanne wa kiume wanaojiamini kwa nguvu, kila mmoja akazunguka nao uwanja wa mpira mara moja. Wa nne aliubwaga chini kabla hajamaliza, akavuta pumzi, akacheka, na msichana aliyekuwa akitazama kandokando ya uwanja akauliza: kumbe huu ni nusu? Huyo nimemteua awe kirangozi wetu siku ya Ijumaa, na ameshaanza kuwakaririsha wenzake vituo kutoka Ujiji kuja pwani. Unga utatufaa kwa chakula cha jioni tukifika. Ndugu wa Dunda, kwa Kaole ya Jumamosi tutakuwa tayari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na yule mwanafunzi wa insha, ambaye sasa yuko kidato cha tano hapa hapa shuleni, ameniomba nafasi katika basi, nami nimempa.